Iodini haina ncha, mbona ni yabisi? Nguvu za mvutano kati ya molekuli

*"Shikamoo mwalimu. Nimeanza kemia mwaka huu na nimekwama kwenye nguvu za mvutano kati ya molekuli. Tulifundishwa kwamba ziko tatu: nguvu za London ndizo dhaifu kuliko zote, za ncha kwa ncha (kati ya molekuli zenye upande chanya na upande hasi) zinafuata, na kifungo cha haidrojeni ndicho chenye nguvu zaidi. Nikakariri mpangilio huo. Kwenye jaribio tukaulizwa, kati ya HCl na HI, ipi inachemka kwenye jotoridi la juu zaidi. Nikaandika HCl, kwa kuwa ncha zake ni kali zaidi. Nikakosa, na tangu hapo kila kitu kimevurugika. Iodini haina ncha wala kifungo cha haidrojeni lakini ni yabisi, ilhali maji yenye kifungo cha haidrojeni ni kimiminika. Kifungo cha haidrojeni cha HF wanasema kina nguvu kuliko cha maji, mbona HF inachemka kwenye 19.5°C na maji kwenye 100°C? Na maji yakichemka, ina maana haidrojeni na oksijeni zinaachana? Mtihani unakaribia. Nikariri tu jedwali la viwango vya mchemko?"*

Marahaba. Nianze na swali lako la mwisho: hapana, usikariri jedwali. Kampaundi hazina idadi, na mtunga mtihani atakuletea ambayo hukuikariri. Mengine yote uliyouliza yana shina moja. Ulipewa mpangilio wa nguvu tatu bila kupewa masharti yake. Mpangilio wenyewe si uongo, ila unafaa pale tu molekuli unazolinganisha zinapokaribiana kwa ukubwa na kwa idadi ya elektroni. HCl ina elektroni 18, HI ina 54. Hizo hazikaribiani hata kidogo. Ulitumia kanuni sahihi mahali pasipo pake, na wanafunzi wengi mno huteleza hapohapo.

Tuanze na maji yanayochemka, maana dhana ya hapo ikipinda, yanayofuata yote yatapinda nayo.

Maji yakichemka, haidrojeni na oksijeni haziachani. Mvuke ni H₂O ileile, molekuli nzimanzima, ila sasa zimekaa mbalimbali. Mvuke ukigusa kifuniko baridi hurudi kuwa maji papo hapo. Kama atomu zingekuwa zimeachana, juu ya kila sufuria inayochemka kungekuwa na mchanganyiko wa gesi ya haidrojeni na ya oksijeni, na mchanganyiko huo ukikutana na moto hulipuka.

Takwimu zinaonyesha umbali uliopo kati ya mambo haya mawili. Ndani ya molekuli ya maji, oksijeni na haidrojeni zinashirikiana elektroni: hicho ni kifungo cha kovalenti. Kuvunja moli moja (kipimo cha wanakemia cha idadi ya chembe) ya vifungo vya O–H kunahitaji nishati ya kilojuli 463 hivi, na kila molekuli ina viwili, kwa hiyo kuivunjavunja moli moja ya maji kungehitaji kilojuli 926 hivi. Kuigeuza moli hiyohiyo, yaani gramu 18, kuwa mvuke ikiwa imeshafika 100°C kunahitaji kilojuli 41 tu. Ni tofauti ya zaidi ya mara ishirini. Joto linalotosha kuzitawanya molekuli halikaribii kuzivunja, na hata kwenye 2000°C ni sehemu ndogo tu ya mvuke inayokuwa imevunjika.

Kwa hiyo kiwango cha mchemko kinakueleza jinsi molekuli moja inavyovutana na jirani yake. Hakikuelezi uimara wa vifungo vilivyo ndani yake. Mwanafunzi anayeandika kwamba methani inachemka kwenye jotoridi la chini "kwa sababu vifungo vya C–H ni dhaifu" amekosa swali zima, hata kama namba aliyoitaja ni sahihi. Vifungo vya C–H ni imara sana. Kilicho dhaifu ni mvutano kati ya molekuli moja ya methani na nyingine.

Sasa tuje kwenye zile nguvu tatu. Ukizitazama kwa makini utaona ni mvutano uleule mmoja, ule wa chaji chanya na chaji hasi. Zinatofautiana katika jambo moja: chaji hizo zimetoka wapi. Kwenye molekuli yenye ncha, kama HCl, ziko pale daima, kwa kuwa klorini inavuta elektroni kuliko haidrojeni. Upande wa klorini ni hasi kidogo na upande wa haidrojeni ni chanya kidogo. Hilo wanafunzi wengi hulielewa bila taabu. Kinachowashinda ni nguvu za London, na kwa kuwa ndizo zilizokukosesha, nitakaa hapo.

Chukua heli. Atomu yake ni duara, haina upande chanya wala hasi, na haiungani na chochote kirahisi. Hata hivyo mwaka 1908, huko Leiden, Heike Kamerlingh Onnes aliipoza mpaka ikawa kimiminika, kwenye −269°C hivi. Kama atomu za heli zisingevutana kabisa, zisingekusanyika kuwa kimiminika hata uzipoze kiasi gani. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1873, Johannes Diderik van der Waals alikuwa ameshaeleza katika tasnifu yake kwamba hesabu za gesi haziwezi kukaa sawa bila kukubali kuwa molekuli zinavutana, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1910. Lakini mvutano huo unatoka wapi kwa kitu kisicho na ncha? Jibu lilikuja mwaka 1930 kwa mwanafizikia Fritz London, aliyelifafanua kwa nadharia ya kwanta.

Wingu la elektroni halitulii. Ukilitazama kwa wastani, limeizunguka atomu sawasawa pande zote. Ukilitazama kwa nukta moja ya wakati, huenda elektroni zimezidi kidogo upande mmoja. Upande huo unakuwa hasi kidogo, na ule wa pili, ulioachwa na elektroni, unakuwa chanya kidogo. Ncha hizo ni za muda mfupi mno, lakini zinatosha kumgusa jirani. Elektroni za jirani zinasogea kuelekea upande ulio chanya, au zinakimbia upande ulio hasi. Basi jirani naye amepata ncha, na zimejipanga namna ya kuvutana na zile za kwanza.

Hapa ndipo watu huuliza: si muda mfupi baadaye wingu litageuka upande mwingine, mvutano ufutike? Haufutiki, kwa sababu wingu la kwanza likigeuka, la jirani nalo linageuka kulifuata. Mawingu mawili yanakwenda kwa pamoja, na kila mara yanaangukia kwenye mpangilio unaovutana. Ncha zenyewe, kwa wastani, ni sifuri. Mvutano, kwa wastani, si sifuri. Soma sentensi hizo mbili tena mpaka zikukae, kwa sababu mada nzima imesimama juu yake.

Jambo la kwanza linalotokana na hapo ni kwamba kila molekuli ina nguvu za London, kwa kuwa kila molekuli ina elektroni. Maji yanazo. HCl inazo. Ukisema molekuli yenye ncha ina nguvu za ncha kwa ncha *badala ya* nguvu za London, umekosea. Inazo hizo *pamoja na* za London. Nadhani hili ndilo lililokuponza kwenye jaribio. Ulilinganisha ncha za HCl na ncha za HI ukasahau kuwa chini yake kuna nguvu nyingine inayofanya kazi muda wote.

La pili ni ukubwa wake. Nguvu za London zinategemea jinsi wingu la elektroni linavyokubali kupindishwa. Elektroni zikiwa chache na karibu na kiini, zimeshikwa. Zikiwa nyingi na nyingine ziko mbali na kiini, zinayumba kirahisi. Bonyeza kokoto, halafu bonyeza mfuko laini uliojaa maji: florini ndiyo kokoto, iodini ndiyo mfuko. Tazama familia yao. Molekuli ya florini, F₂, ina elektroni 18 na inachemka kwenye −188°C. Klorini ina 34, inachemka kwenye −34°C. Bromini ina 70, inachemka kwenye 59°C. Iodini ina 106, inayeyuka kwenye 114°C na kuchemka kwenye 184°C. Hakuna hata moja yenye ncha za kudumu. Nguvu unayoambiwa ni dhaifu kuliko zote imetosha kuifanya iodini iwe yabisi kwenye joto la kawaida la chumba.

Hapa nikuonye kuhusu njia ya mkato inayopendwa sana, ile isemayo "molekuli nzito huchemka kwenye jotoridi la juu." Mara nyingi inakupa jibu sahihi, lakini kwa sababu isiyo sahihi. Uzito wa molekuli unatokana hasa na viini, na viini havihusiki na mvutano huu. Neoni ina uzito wa 20, methani 16, na zote zina elektroni 10. Kwa kanuni ya uzito, neoni ingetangulia. Lakini neoni inachemka kwenye −246°C na methani kwenye −162°C. Elektroni za neoni zimeshikwa zote na kiini kimoja chenye protoni 10, wingu lake ni dogo na gumu. Za methani zimetandazwa kwenye molekuli kubwa zaidi. Mfano mwingine nauona mzuri hata zaidi: bromini, Br₂, na heksafloridi ya salfa, SF₆. Kila moja ina elektroni 70, na uzito wao haupishani sana. Bromini ni kimiminika. SF₆ ni gesi, na ukiipoza kwa kanieneo ya kawaida ya hewa inapita kati ya gesi na yabisi moja kwa moja kwenye −64°C hivi. Elektroni zake nyingi ziko mikononi mwa florini, na florini haiachii.

Umbo nalo lina sehemu yake. Pentani ya mnyoofu na neopentani zina fomula moja, C₅H₁₂. Ya kwanza ni ndefu, zikilala kando kwa kando zinagusana sehemu kubwa; inachemka kwenye 36°C. Ya pili ni kama tufe, zinagusana kidogo. Inachemka kwenye 9.5°C. Kugusana kuna maana kubwa kwa sababu nguvu hizi hupungua upesi mno kwa umbali. Ukiongeza umbali kati ya molekuli mara mbili, nishati ya mvutano wa London inabaki sehemu moja kati ya 64.

Sasa tunaweza kurudi kwenye swali lako la HCl na HI. Ulikuwa sahihi kuhusu ncha. Kipimo cha ncha za HCl ni debye 1.08 (debye ni kizio cha kupimia ukali wa ncha) na cha HI ni 0.45 hivi, chini ya nusu. Lakini HCl inachemka kwenye −85°C, HBr kwenye −67°C, na HI kwenye −35°C. Kadiri ncha zinavyofifia, mchemko unapanda. Hesabu za nadharia zinaonyesha kwamba hata kwenye HCl yenyewe, yenye ncha kali kuliko hao wenzake, zaidi ya asilimia 80 ya mvutano huu unatokana na nguvu za London. Kwa hiyo kutoka HCl kwenda HI, molekuli inapoteza kwenye fungu dogo na kupata kwenye fungu kubwa. Hata kloroformu, CHCl₃, yenye ncha za kudumu, inachemka kwenye 61°C, wakati tetrakloridi ya kaboni, CCl₄, isiyo na ncha kabisa, inachemka kwenye 77°C. Jaribu kueleza hilo mwenyewe kwa maandishi kabla ya kulala leo.

Je, tuutupe mpangilio uliokariri? Hapana. Tuupeleke mahali pake. Chukua kampaundi tatu zenye elektroni 26 kila moja na ukubwa unaokaribiana. Propani, isiyo na ncha za maana, inachemka kwenye −42°C. Dimethili etha, yenye ncha, inachemka kwenye −24°C. Ethanoli, yenye fomula ileile ya etha hiyo lakini yenye kikundi cha O–H, inachemka kwenye 78°C. Nguvu za London kwenye zote tatu ni karibu sawa, kwa hiyo tofauti unayoiona imeletwa na kilichoongezwa juu yake. Angalia pia kwamba ncha peke yake ziliongeza nyuzi 18, na kifungo cha haidrojeni kikaongeza nyuzi 102 juu ya hapo. Mpangilio wako unaonekana hapa waziwazi.

Kwa nini kifungo cha haidrojeni kinazidi ncha za kawaida kiasi hicho? Atomu ya haidrojeni ina elektroni moja tu. Ikiungana na naitrojeni, oksijeni au florini, elektroni hiyo inavutwa upande wa pili, na haidrojeni haina elektroni nyingine za ndani za kufunika kiini chake. Inabaki protoni iliyo karibu uchi, ndogo sana, kiasi kwamba jozi pweke ya elektroni (elektroni mbili zisizotumika kwenye kifungo chochote) ya molekuli jirani inaweza kuisogelea kwa karibu mno. Chaji iliyojikusanya na umbali mfupi ndivyo vinavyoipa nguvu. Kwenye maji, kimoja kina kilojuli 20 hivi kwa moli. Mvutano wa molekuli mbili za methani ni kilojuli 2 hivi.

Sharti ni mawili, na yote lazima yatimie: haidrojeni iliyoungana *moja kwa moja* na N, O au F, na jozi pweke kwenye N, O au F ya molekuli nyingine. Dimethili etha ina haidrojeni sita na oksijeni moja, lakini haidrojeni zote zimeungana na kaboni. Zenyewe kwa zenyewe haziwezi kuunda kifungo hiki. Kuona herufi H na O kwenye fomula hakutoshi. Chora muundo.

Kuhusu HF na maji, uliloambiwa ni kweli: kifungo kimoja cha haidrojeni kati ya molekuli mbili za HF kina nguvu kuliko kimoja kati ya molekuli mbili za maji. Swali ambalo hukuuliza ni vingapi. HF ina haidrojeni moja tu ya kutoa, ingawa florini yake ina jozi pweke tatu. Maji yana haidrojeni mbili na jozi pweke mbili, hesabu inayolingana, kwa hiyo molekuli moja ya maji inaweza kushikana na jirani wanne. HF inashikana na wawili, na matokeo yake ni minyororo. Maji yanatengeneza mtandao wa pande zote. Tena HF ikigeuka kuwa mvuke, molekuli zake nyingi hubaki zimeshikana vikundi vikundi, kwa hiyo si vifungo vyote vinavyohitaji kuvunjwa ili ichemke. Amonia ina tatizo la HF lililogeuzwa: haidrojeni tatu, jozi pweke moja, na kifungo chenyewe ni dhaifu zaidi. Inachemka kwenye −33°C.

Zipange sasa zote zenye elektroni 10: neoni −246°C, methani −162°C, amonia −33°C, HF 19.5°C, maji 100°C. Ukiitazama safu hiyo, swali lako la "mbona maji ni kimiminika na iodini ni yabisi" linageuka kabisa. Kwa molekuli ndogo ya elektroni 10, maji yalipaswa kuwa gesi. H₂S, ndugu yake mkubwa mwenye elektroni 18, ni gesi mpaka −60°C. Kifungo cha haidrojeni kimeyainua maji mbali sana, ila hayakuinuka kufikia molekuli yenye elektroni 106. Ulikuwa unalinganisha nguvu iliyo kubwa kwa *aina* yake na nguvu iliyo kubwa kwa *kiasi* chake.

Ukifika kwenye mtihani, fanya hivi. Chora muundo wa kila molekuli, na umbo lake. Hesabu elektroni. Zikiwa zinakaribiana, tazama kama kuna kifungo cha haidrojeni, kisha ncha, na mpangilio wako ukuongoze. Zikiwa zimepishana sana na hakuna kifungo cha haidrojeni, zipe nguvu za London kipaumbele. Kwenye jibu, taja nguvu zote zilizopo halafu sema ipi imeamua. Kwa HCl na HI ungeandika: "Zote zina nguvu za London na za ncha kwa ncha. HI ina elektroni nyingi zaidi na wingu lake hupindika kirahisi zaidi, hivyo nguvu zake za London ni kubwa zaidi, kiasi cha kuzidi tofauti ya ncha. HI inachemka kwenye jotoridi la juu zaidi." Msahihishaji hatakuwa na cha kukata.

Kuna hali moja ambayo sitakudanganya kuhusu kanuni: pale elektroni nyingi ziko upande huu na kifungo cha haidrojeni kiko upande ule. Linganisha maji na alkani za mnyoofu, yaani minyororo ya kaboni na haidrojeni tupu. Heksani inachemka kwenye 69°C, heptani kwenye 98°C, oktani kwenye 126°C. Maji ya 100°C yako katikati yao. Hakuna kanuni ya maneno itakayokueleza kwamba maji yanaizidi heptani na kuzidiwa na oktani. Hapo unahitaji takwimu, na swali la haki litakupa. Ukipewa namba, kazi yako ni kuzieleza.

Pia usitumie kiwango cha myeyuko kupimia nguvu hizi kana kwamba ni sawa na cha mchemko. Neopentani ile inayochemka mapema inayeyuka kwenye −16.5°C, wakati pentani ya mnyoofu inayeyuka kwenye −130°C hivi. Kuyeyuka kunategemea pia jinsi molekuli zinavyopangika ndani ya fuwele, na tufe hupangika vizuri.

Ukisoma haya yote na bado unakosa, chunguza kama tatizo lako liko kabla ya mada hii. Mara nyingi liko kwenye maumbo. Mtu asiyejua kwamba CO₂ ni mnyoofu na maji yamepinda hawezi kujua kwa nini ncha za vifungo vya CO₂ zinafutana na za maji hazifutani, na hapo maelezo yangu hayatamsaidia. Mwendee mwalimu wako ana kwa ana, umpelekee michoro uliyochora mwenyewe, hata iliyoharibika, pamoja na karatasi ya jaribio. Mwambie achore pamoja nawe CCl₄, CHCl₃, NH₃ na CO₂, kila moja na jozi pweke zake. Akiona mkono wako unapotoka, atajua ndani ya dakika chache kilichokosekana, jambo ambalo mimi siwezi kuliona kutoka hapa.

Na ukitaka kuiona iodini ikigeuka mvuke wa zambarau, mwombe huyohuyo akuonyeshe maabara, ndani ya kabati la kutolea hewa, kwa kuwa mvuke wake hudhuru macho na mapafu. Bromini na HF usiziguse kabisa. HF hupenya ngozi na kufunga kalsiamu ya mwili, na wakati mwingine maumivu huanza saa kadhaa baada ya madhara kuingia.